Tumbo la Baba Mkwe

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta na nepi ishirini kambani. Nimeanua mbio, mwanangu mdogo Bonge mgongoni, na bado kumi na moja zimelowa upya. Sasa nimezitandaza kwenye viti, kwenye meza, hata juu ya redio. Nyumba nzima inanuka sabuni na ukungu.

Naandika kwenye daftari la zamani la Mwalimu. Mwalimu ni binti yangu mkubwa, ana miaka saba, na tumemwita hivyo kwa sababu yeye humsahihisha kila mtu. Alijaza kurasa nne za hesabu akalitupa. Zilizobaki ni zangu.

Babu amerudi kutoka hospitali na bahasha kubwa. Alikwenda kwa ajili ya mawe ya figo. "Yule wa mashine alinipaka mafuta ya baridi tumboni," ametuambia, "akawa anaongea tu habari za mpira. Mara akanyamaza. Fundi akinyamaza juu ya kazi, ujue kuna kitu." Kitu chenyewe ni mshipa mkuu wa damu, ule unaoshuka kutoka moyoni. Umevimba tumboni hadi sentimita sita na nusu. Amelisema hilo kwa sauti ileile anayosemea tenki la jirani linalovuja.

Babu ni baba mkwe wangu. Ni fundi bomba kwa miaka thelathini na tisa. Tangu mama mkwe afariki anakaa nasi, chumba cha nyuma. Mume wangu, mwanawe wa pekee, anaendesha greda kwenye ujenzi wa barabara mbali huko, tunamwona mara moja kwa mwezi, tope likimruhusu. Kwa hiyo watu wazima wa nyumba hii ni mimi na Babu, na tunaishi kwa heshima kubwa mno. Chooni hajawahi kwenda nikiwa namwona. Husubiri niingie jikoni, kisha husema anakwenda kuangalia koki ya nje. Koki ya nje ni nzima. Huyuhuyu ndiye amezibua vyoo vya nusu ya mji kwa mkono mtupu huku akipiga soga.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Bonge ana jino.

Jumatano, 13 Machi

Tumemwona daktari wa mishipa. Ni mwanamke mfupi, sauti yake inakwaruza kama mtu aliyekesha akiimba. Alimchorea Babu mshipa wake nyuma ya karatasi. Babu akaichukua kalamu.

"Daktari, kiungo hiki umekiweka vibaya. Hapa maji hayapiti."

"Hii ni damu, mzee."

"Damu ni maji yenye rangi."

Wakacheka, wakaelewana hapo hapo. Alimweleza kwamba kipande kilichovimba kitafunguliwa, na ndani yake atashona bomba jipya la kitambaa maalumu. Wasipofanya hivyo, siku moja kitapasuka, na kikipasuka watu wengi hawafiki hospitali. Babu akauliza swali ambalo mimi nisingelijua: "Na matawi yake?"

Daktari akamtazama vizuri. Akasema lipo tawi dogo linalopeleka damu kwenye utumbo mpana, upande wa kushoto, na mara nyingi hulifunga wakati wa kushona. Kwa kawaida utumbo hupata damu kwa njia nyingine. Mara chache haupati ya kutosha. "Kwa hiyo baada ya upasuaji tutakuuliza sana habari za tumbo na choo," akasema. "Mpaka utuchoke. Uniambie kweli, mzee. Choo chenye damu hata kidogo, unasema siku hiyohiyo."

Babu akainama akafunga kamba za viatu vyake, zilizokuwa zimefungwa.

Jumatatu, 18 Machi

Amelazwa. Shangazi amekuja na mabegi matatu, utadhani anasafiri yeye. Ni dada yake Babu, mshonaji wa sare za shule, na mpaka leo ananiita bibi harusi japo nina miaka minane humu. Alipofika tu alinitoa kwenye kiti cha pembeni ya kitanda. "Bibi harusi, hapa pakae damu yake." Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Jumanne, 19 Machi

Wameingia naye saa mbili asubuhi. Kabla hawajamsukuma aliniita akaniambia funguo za sanduku la spana ziko wapi. Nikamwuliza za nini. Akasema, "Ujue tu."

Kwa saa tano nzima tumekaa kwenye benchi. Shangazi alipindua upindo wa kanga yake akaushona, akaufumua, akaushona tena. Mume wangu alipiga simu mara tisa, na mara zote alianza na swali moja: "Wametoka?" Bonge alinyonya, akalala, akaamka, akanyonya. Daktari alipotoka, kofia ikiwa bado kichwani, alisema bomba limekaa vizuri na damu inafika miguuni. Shangazi akakaa chini sakafuni. Mimi nilitaka kusema asante, nikasema, "Umekula, daktari?"

Jumatano, 20 Machi

Chumba cha mahututi. Mpira puani, mpira shingoni, mpira wa mkojo. Nesi aliniambia nimshike miguu nione ilivyo na joto. Nilisita kidogo. Tangu niolewe sijamgusa Babu zaidi ya kiganja, tena kwa salamu. Miguu yake ni midogo kuliko nilivyodhani, na kweli ilikuwa na joto.

Alhamisi, 21 Machi

Amehamishiwa wodini, kitanda cha pili kutoka mlangoni. Nesi wa kiume, kijana mpole, aliinama akamwuliza: "Mzee, umetoa hewa? Tumbo limeanza kuunguruma?" Shangazi akakohoa. Babu akatazama ukuta. Nikatoka nje ukumbini kuangalia mvua, wazungumze wenyewe.

Ijumaa, 22 Machi

Nesi alipouliza leo pia nilitoka. Niliporudi alikuwa anaandika kwenye karatasi, amefurahi. Hewa imetoka, choo kimepatikana, cha kawaida. Babu anatembea hadi maliwatoni, mkono mmoja kwenye chuma cha dripu, mwingine kwa Shangazi. Nilijitolea kumsaidia. Shangazi alinitazama kana kwamba nimeomba kumvua kaka yake suruali sokoni.

Jumamosi, 23 Machi

Wamemtoa mpira wa puani. Vijiko vitatu vya uji mwepesi. Hana furaha. Nepi hazikauki.

Jumapili, 24 Machi

Nataka niandike kama ilivyokuwa.

Nilifika saa nane mchana. Bonge nilimwacha kwa jirani. Babu alikuwa amesinzia, paji la uso lina moto, na tumbo limeinuka chini ya shuka, gumu. Shangazi alikuwa anamfuta jasho. Nilitafuta kijiko kwenye mabegi chini ya kitanda, nikakuta mfuko wa nailoni umefungwa mafundo matatu. Mtu hafungi kitu mafundo matatu bure. Nikaufungua.

Ilikuwa shuka. Imekunjwa ndogo kabisa, mbichi. Mimi nimefua nepi za watoto wawili. Rangi za choo nazijua: ya maziwa, ya mafua, ya jino, ya mtoto aliyekula udongo. Hii haikuwa yoyote kati ya hizo. Ilikuwa nyekundu iliyokwenda kwenye weusi, na utelezi ndani yake.

"Iache hiyo," Shangazi akasema kwa sauti ya chini. "Nitaifua mimi nyumbani."

"Tangu lini?"

"Bibi harusi, iache."

"Shangazi, tangu lini?"

"Tangu juzi. Ameniapisha. Amesema mkamwana asijue, na nesi atamwambia mwenyewe." Akaanza kulia bila sauti. "Wewe ungetaka baba yako mzazi aonwe hivi na mke wa mtoto wake?"

Nikaushika mfuko nikaelekea meza ya manesi. Ni vitanda kumi na vinne kutoka pale hadi mezani, siku ya kutazama wagonjwa, wageni wamejaa. Nyuma yangu nikasikia: "Mama Bonge." Nikageuka. Alikuwa amefumbua macho. "Rudisha hiyo."

Miaka minane sijawahi kumkatalia Babu neno. Akisema chumvi imezidi, imezidi. Akisema dirisha lifungwe, nalifunga huku naungua.

"Mama Bonge, nimesema rudisha."

Nikaendelea kutembea.

Nesi alifungua, akatazama, akafunga. Aliondoka kwa hatua ndefu, na alipofika kwenye kona nikaona ameanza kukimbia. Daktari mfupi alikuja hana koti, nadhani walimtoa nyumbani. Alibonyeza tumbo upande wa kushoto, na Babu, ambaye nimemwona akijikata kidole kwa msumeno wa chuma akaomba tu kitambaa, aliguna.

"Mzee, damu imeanza lini?"

Hapo miguu yangu ikageuka yenyewe kwenda ukumbini. Ni mazoea. Nikaizuia.

"Ijumaa," Babu akauambia ukuta.

"Mara ngapi?"

"Sita. Saba."

"Na leo?"

"Nne."

"Ulimwambia nesi choo ni cha kawaida."

Alinitazama mimi, na macho yale siyasahau. Hayakuwa ya hasira tu. Alinitazama kama mtu aliyevuliwa nguo na mwanawe. Nilisimama hapo nikahesabu: nilikuwa wapi wakati wa maswali yote yale? Mara tano nesi aliuliza, mara tano nilitoka nje. Shangazi alificha kwa kuapishwa. Mimi hakuniapisha mtu, nami niliyasikia maneno ya daktari kwa masikio yangu.

Jumatatu, 25 Machi

Asubuhi wamemwingiza kamera ndogo kwa njia ya nyuma. Daktari ametuita mimi na Shangazi kando ya kitanda, akaongea na Babu mwenyewe, na hilo nimelipenda.

"Kipande cha utumbo mpana hakikupata damu, mzee. Kingekuwa kimechubuka tu, tungekupumzisha na dawa kingepona. Lakini kimekwenda mbali. Kimekufa."

"Kikiachwa?"

"Kitaoza humo ndani. Hatuna hata siku tatu."

"Mkikitoa?"

"Tunakikata. Ncha ya juu tunaitoa nje hapa, ubavuni. Utakuwa unatolea kwenye mfuko unaobandikwa tumboni. Labda kwa miezi, labda moja kwa moja."

Babu aliyafikiria hayo kwa utulivu, kama anayeangalia ramani ya nyumba. Kisha akasema, "Hapana."

Daktari akasema anampa nusu saa, akatoka. Shangazi akamfuata akimshika mkono wa koti.

"Toka nje nawe, Mama Bonge."

"Sitoki, Baba."

"Nani atabadilisha huo mfuko? Mwanangu yuko porini na greda. Dada yangu uzi wenyewe anatungiwa. Nani?"

"Mimi."

"Ndiyo maana nikasema hapana."

Nikakaa kitandani kwake. Sikuwahi kukaa kitandani kwake. Nilikuwa sijalala vizuri, maziwa yananivuja kifuani, sikuwa na maneno mazuri ya kuchagua. Nikasema: "Baba, kila walipokuuliza habari za choo nilitoka nje, nikijiona nina adabu. Mara tano. Mara zote hizo nimesimama kwenye ukumbi natazama mvua, na utumbo wako unakufa. Adabu ya namna hiyo nimeichoka. Siwezi kukuheshimu mpaka kaburini."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani aligeuka upande mwingine, akajifanya amelala.

"Itanuka," Babu akasema mwishowe.

"Baba. Mimi nina Bonge."

Akaanza kucheka, akashika kidonda. "Usinichekeshe, nitapasuka."

"Weka sahihi kwanza, ndipo upasuke."

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka maji, kumbe anataka kalamu. Kabla hajaandika alisema, "Dada yangu usimseme. Nilimwapisha mimi." Nikamwahidi. Halafu akasema, "Na wewe bado nimekukasirikia." Nikasema hilo nalo nimelisikia.

Wameingia naye saa sita.

Jumanne, 26 Machi

Hai. Analala kwa mashine.

Jumatano, 27 Machi

Hai. Homa.

Alhamisi, 28 Machi

Homa imeshuka kidogo. Mume wangu amefika, tope hadi magotini, amebadilisha magari matano. Alimtazama baba yake kupitia kioo, akanigeukia akasema, "Nani aliuona ule mfuko wa nailoni?" Nikasema mimi. Alinishika kichwa kwa mikono miwili akakaa hivyo, mbele za watu, yeye ambaye njiani hata mkono hanishiki.

Jumamosi, 30 Machi

Ameamka. Anazungumza na mwanawe, na Shangazi, na nesi. Mimi ananijibu kwa kichwa. Sawa. Kichwa chenyewe kinatikisika, mimi kinanitosha.

Jumanne, 2 Aprili

Sista wa vidonda amekuja kutufundisha kubadilisha mfuko. Alisema ajifunze mtu mmoja wa nyumbani. Mume wangu akajitokeza kifua mbele. Mtu huyu huchimbua vilima. Sista alipobandua ule wa zamani, na kile kidomo cha utumbo kikaonekana, chekundu, kimelowa, mume wangu akaanza kuitazama taa ya juu kwa makini sana. Kisha akatafuta ukuta. Kisha akakaa.

"Mwondoeni huyo," Babu akasema, "kabla hajaniangukia."

Nikanawa mikono. Babu akajifunika shuka uso mzima, kama anayechezewa ngoma ya harusi. Nikafanya kama Sista alivyosema: maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, kausha kwa kugusa usisugue, pima tundu, kata, bandika kuanzia chini kupanda juu, weka kiganja mpaka gundi ishike. Kwa kweli ni rahisi kuliko nepi. Nepi hurusha mateke.

"Tayari, Baba."

Shuka ikabaki usoni.

Jumapili, 7 Aprili

Mume wangu amerudi kazini. Nepi, nepi, nepi.

Jumanne, 9 Aprili

Babu yuko nyumbani. Alitembea mwenyewe kutoka kwenye gari, mkono tumboni, akapita sebuleni bila kukaa, akaingia chumbani akafunga mlango. Mwalimu aliniuliza kama Babu ametukasirikia. Nikasema amechoka. "Basi aseme amechoka," akasema Mwalimu.

Jumapili, 14 Aprili

Shangazi amekuja na kifurushi. Ameshona vifuko saba vya kitambaa vya kufunika mfuko wa Babu, kimoja kwa kila siku, kwa mabaki ya sare za shule, bluu, vimepigwa cherehani mara mbili pembeni. Aliniachia mikononi. "Macho yangu si kitu tena, lakini mshono umenyooka," akasema. Hakusema kingine, wala sikumtaka aseme. Nimemkaribisha kiti, nikakaa kwenye ndoo mwenyewe. Alinitazama, akaleta kiti cha pili.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua kubwa, ukuta wa maliwato umetoa ufa. Nabadilisha mfuko, Babu bado anajifunika uso. Jambo moja silielewi: mfuko ni mtupu mno.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimelielewa. Babu hali.

Kila sahani niliyompelekea imerudi safi, nami nikajisifu. Leo nilirudi chumbani ghafla kuchukua beseni nikamkuta amempakata Bonge, anamlisha chakula chake kijiko kwa kijiko, na Bonge anapokea mdomo wazi kama kifaranga. Nilikuwa nimeona Bonge anazidi kujaa, nikadhani ni maziwa yangu.

"Baba, tangu lini?"

"Mtoto alikuwa na njaa."

"Mtoto ana mapaja manne. Tangu lini?"

Akamweka Bonge chini polepole. Suruali imemlegea, amefunga kamba badala ya mkanda. "Nisipokula, hautoki," akasema. "Usipotoka, hubadilishi. Ni hesabu tu."

Nilitaka kufoka. Nilikuwa na maneno yote tayari, kwamba hatukukesha kwenye mabenchi ili aje afe njaa kwangu, kwenye nyumba yenye chakula. Lakini nilimwona ameshika ile kamba ya kiunoni, anaisokota. Fundi aliyeingia kwenye mashimo ya watu wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kwenye lake. Nikakaa chini sakafuni karibu na Bonge.

"Baba, unafikiri mimi nachukia kuufungua ule mfuko?"

"Hupendi."

"Ukiwa mtupu ndipo siupendi. Napiga magoti pale na moyo unanidunda. Ukijaa najua upo, unakula, bomba la daktari linafanya kazi. Mimi siku hizi furaha yangu iko humo. Ndiyo hali yangu, cheka ukitaka."

Hakucheka. Alisema atajaribu. Usiku alikula vijiko vinne, nimevihesabu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimemtaka ale mezani nasi. Alikuja, kifuko cha bluu chini ya shati. Tulikula, vijiko tu vinagonga. Mwalimu alimtazama muda mrefu, kisha akaweka kijiko chini kama mtu mwenye hoja.

"Babu, sasa unajamba wapi?"

Nikakauka. Nilifungua mdomo nimfukuze mezani. Babu akainua kidole kunizuia.

"Hapa," akasema, akagusa ubavu.

"Inatoa sauti?"

"Wakati mwingine."

"Unaweza kuizuia?"

"Hapana. Inakuja inapotaka."

Mwalimu akalitafakari. "Basi si kosa lako," akasema, akarudi kwenye chakula chake. Na hapo hapo, naapa, mfuko ukajibu. Sauti ndogo, ya adabu. Bonge akageuka kutafuta ni nani. Babu alianza kutikisika mabega, mimi nikaficha uso kwenye upindo wa kanga, na Mwalimu akatuambia mezani hatuchekicheki. Babu alimaliza sahani. Akaomba kuongezewa.

Jumatatu, 22 Aprili

Mfuko umejaa. Nimeimba nikiubadilisha.

Jumapili, 28 Aprili

Amelegeza fundo moja kwenye kamba ya suruali, ameanza kujaa.

Ijumaa, 3 Mei

Kliniki. Daktari amembonyeza kote, ameridhika. Alimwuliza habari za choo. Nikabaki nimekaa. Babu alianza kwa kukohoa, akatazama ukuta, akageuka akanitazama mimi, akasema: "Mara mbili kwa siku. Rangi ya kawaida. Jana kilikuwa chepesi, nadhani ni yale matunda." Akaeleza kila kitu, hata nisivyovijua mimi, kama anayetoa taarifa ya kazi kwa mwenye nyumba. Daktari aliandika ukurasa mzima. Mfuko utaondolewa au hautaondolewa, wataamua mwakani. Babu akasema hana haraka.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua zimekuwa za jioni tu. Nepi zimekauka kwa siku moja. Nimezikunja zikiwa na joto la jua, nikakaa nazo mapajani bila kufanya lolote, kwa muda mrefu.

Jumamosi, 18 Mei

Leo jua limewaka toka asubuhi, na mafundi wenzake wamekuja kumwona. Watano, wamevaa mashati ya kutokea, wamekaa sebuleni wamebanana, na Shangazi katikati yao anawagawia vikombe. Babu alikuwa amekaa nao muda, anabishana juu ya bomba za plastiki na za chuma, kisha akasimama akaenda chumbani. Nilijua kitu si sawa kwa namna alivyoshika shati. Nikabaki jikoni nikisubiri. Nilifikiri atajifungia mpaka wageni waondoke.

"Mama Bonge."

Aliita kutoka chumbani, mlango wazi, sauti ileile ya kazini, ya kuita mtu aliye juu ya dari.

"Mama Bonge, mfuko umevuja. Njoo na maji ya uvuguvugu."

Shangazi aliinuka haraka, akaanza kusema kwa sauti kubwa kwamba jua la leo ni kali, eti hata kuku wamejificha, huku akielekea mlangoni yeye.

"Si wewe, dada," Babu akasema. "Wewe utanibandika kichwa chini. Kaa na wageni."

Fundi mmoja akacheka, wote wakacheka, Shangazi naye akacheka akarudi kukaa. Nikachukua beseni, kitambaa na mfuko mpya nikapita katikati yao. Mmoja alinisogezea mguu nipite.

Babu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Shati alikuwa ameliinua mwenyewe, amelishika kwa mikono yote miwili hadi kifuani, uso wazi. Nikapiga magoti. Nikaanza kubandua upande wa juu.

"Usiharakishe," akasema. "Wana chai."